Projekta imefifia? Dalili, visababishi na mambo ya kufanya kabla ya kununua taa

"Fundi, projekta yetu imekufa mwanga, tutafutie taa." Simu za projekta huanza hivyo, iwe anayepiga ni mzee wa kanisa Mbagala, mwenye ukumbi wa harusi Sinza au kijana wa kibanda umiza Tandika anayejiandaa na mechi ya Simba na Yanga. Ugonjwa ameshautaja na dawa ameshaiandika. Kumbe mwanga una safari ndefu: unatoka kwenye taa, unapita kwenye vioo, paneli na lenzi, unavuka chumba, unagonga ukuta, ndipo unarudi machoni mwa mtazamaji. Kila kituo kinakula sehemu yake. Taa ni kituo cha gharama kubwa, kwa hiyo iwe ya mwisho kulaumiwa.

Mpangilio hapa chini unafuata dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na kisababishi kinachojitokeza zaidi, na kile ambacho mwenye projekta anaweza kukikagua mwenyewe bila bisibisi. Palipoandikwa SIMAMA, simama kweli.

Kwanza pima, usikisie

Jicho halifai kupimia mwanga. Ukiingia ukumbini ukitokea juani saa saba mchana, picha yoyote utaiona imekufa. Kaa dakika kumi, picha ileile itakuwa nzuri. Simu nyingi za Android zina sensa ya mwanga juu ya kioo, karibu na spika ya sikioni, na kuna programu za bure zinazoitumia kupima luksi, yaani kiasi cha mwanga unaoangukia kila mita ya mraba. Usahihi wake si wa maabara, ila kwa kulinganisha kabla na baada unatosha.

Onyesha slaidi nyeupe tupu iliyojaza picha nzima. Igawe kwa macho vyumba tisa, vitatu kwa vitatu. Weka simu katikati ya kila chumba, kioo chake kikitazama projekta, uandike namba, kisha tafuta wastani. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha rimoti kinachoficha picha kwa muda, upime tena ili kujua mwanga wa chumba chenyewe ni kiasi gani. Kama rimoti haina kitufe hicho, mtu asimame na kadibodi hatua moja mbele ya lenzi. Usifunike lenzi kwa kifuniko chake wakati taa inawaka, kitayeyuka.

Tuseme picha yako ina upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 1.35, yaani mita za mraba 3.24. Wastani umepata luksi 480, na picha ikifichwa chumba kinabaki na luksi 80. Projekta yenyewe imeleta 400. Zidisha 400 kwa 3.24 upate takribani lumeni 1,300, yaani jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye projekta. Njia hii ya nukta tisa ndiyo msingi wa zile lumeni za ANSI (kipimo cha shirika la viwango la Marekani) zinazoandikwa kwenye projekta za kampuni zinazojiheshimu. Kama mashine yako iliandikwa 3,000, sasa una swali la maana. Kama iliandikwa 1,500, haina tatizo lolote, tatizo ni chumba.

Dalili ya 1: Picha nzima imepauka, weusi umekuwa kijivu

Hii ndiyo inayoleta watu wengi, nami nitakaa hapa kuliko kwingine.

*Mwanga wa chumba.* Projekta haina rangi nyeusi. Inachoweza kufanya ni kutopeleka mwanga mahali fulani, na mahali hapo unaona rangi ya ukuta kama ulivyo. Ukuta ukiwa unapigwa na mwanga wa dirisha, nyeusi yako ni huo ukuta uliomulikwa. Rudi kwenye namba zetu: palipo peupe pana luksi 480, palipo "peusi" pana 80. Peupe pamezidi peusi mara 6 tu. Sasa funga pazia zito mpaka chumba kibaki na luksi 10. Peupe patakuwa 410, peusi 10, na tofauti imepanda hadi mara 41. Ukiacha dirisha wazi ukanunua taa inayokupa mwanga maradufu, peupe patakuwa 880 na peusi 80: mara 11. Pazia limeishinda taa kwa mbali, na pazia linashonwa na fundi cherehani yeyote.

Kumbi nyingi za siku hizi hapa Dar zina madirisha mapana ya aluminiamu na kuta nyeupe zinazong'aa, yaani kila kitu ambacho projekta haipendi. Huna haja ya kugeuza ukumbi kuwa shimo. Ziba dirisha lililo karibu na skrini na lile linaloitazama moja kwa moja. Zima safu ya kwanza ya tyubulaiti, ile inayomwaga mwanga juu ya skrini, uache za nyuma watu waweze kusoma. Kama mna uwezo wa kupaka rangi, ukuta wa mbele unaoizunguka skrini upakwe rangi iliyokoza, maana ukuta mweupe unaurudisha mwanga wa picha yenyewe juu ya picha.

*Ukubwa wa picha.* Ukiongeza upana mara mbili, eneo linaongezeka mara nne na mwanga kwa kila mita ya mraba unabaki robo. Lumeni 3,000 kwenye picha ya mita 2 kwa 1.5 ni luksi 1,000; projekta hiyohiyo kwenye mita 4 kwa 3 ni 250. Watu huirudisha projekta nyuma "ili wote waone", halafu wote hawaoni. Ipunguze picha kidogo uone itakavyoamka. Na kama lenzi ina zumu, ni bora projekta ikae karibu na zumu ifunguliwe mpaka mwisho wa kutanua, kuliko ikae mbali na zumu ivutwe. Kwa lenzi nyingi, ukivuta zumu tundu la kupitisha mwanga linabana na unapoteza sehemu ya kuonekana kwa macho.

*Setingi.* Fungua menyu utafute hali ya taa. Ikiwa kwenye "Eco", taa inalishwa umeme pungufu kwa makusudi. Halafu angalia modi ya picha: "Cinema" na "sRGB" zinatoa rangi za kweli lakini zinakata mwanga mwingi, "Presentation" na "Dynamic" zinaufungua wote. Kwa filamu usiku nyumbani tumia "Cinema". Kwa semina saa nne asubuhi, "Presentation". Kile kitelezi kilichoandikwa "Brightness" hakiongezi mwanga hata chembe, kinachofanya ni kuinua weusi tu, na aliyekipandisha mpaka 100 ndiye aliyeleta ule ukungu wa kijivu unaoulalamikia. Kirudishe katikati. Kistoni, ile setingi ya kunyoosha picha iliyopanuka upande mmoja, nayo ina bei yake: kila unaponyoosha picha kwa menyu, sehemu ya paneli inazimwa na mwanga wake unapotea. Weka projekta sawasawa mbele ya skrini, kistoni ibaki sifuri.

*Lenzi na filta.* Simama pembeni, elekeza tochi ya simu kwenye lenzi kwa mshazari. Alama za vidole, vumbi, na utando wa moshi wa chipsi kama jiko liko jirani, vyote vitajitokeza. Puliza kwanza kwa blowa ndogo ya mkono, ndipo ufute kwa kitambaa cha miwani, kuanzia katikati kwenda nje kwa mzunguko. Sio kwa kanga wala tisheti, na usimwage spiriti kwenye lenzi. Ukiona nyuzi nyembamba kama mizizi *ndani* ya lenzi, hiyo ni kuvu, zao la unyevu wetu wa pwani kwa projekta iliyofungiwa stoo kwenye begi tangu msimu uliopita. SIMAMA: lenzi ifunguliwe na fundi wa kamera au wa projekta, kwa sababu ukiirudisha vibaya picha haitakaa fokasi tena.

*Skrini.* Shuka jeupe linapitisha mwanga, nao unapotea nyuma yake. Weka kitambaa cheusi nyuma ya shuka uone tofauti. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe ya maji isiyong'aa ni skrini nzuri kuliko watu wanavyodhani. Skrini zinazotangazwa kuwa "zinaongeza mwanga" haziongezi, zinaukusanya kuelekea katikati; waliokaa mbele ya skrini wanafurahi na waliobanwa pembeni wanaona giza. Kwa kibanda umiza ambako viti vinafika mpaka ukutani, mimi nisingeinunua.

*Taa yenyewe.* Ukishapita yote hayo, soma saa za taa kwenye menyu. Taa ya kawaida ya zebaki hukadiriwa kati ya saa 2,000 na 5,000 hivi kutegemea modeli na hali ya "Eco", na makadirio hayo kwa kawaida yana maana ya muda mpaka mwanga ushuke kufikia nusu, sio mpaka taa ikatike. Kwa hiyo projekta yenye saa 3,500 inayowaka vizuri bila kelele inaweza kuwa tayari imebaki nusu. Tena sehemu kubwa ya kushuka huja mapema, ndani ya mamia ya saa za kwanza, ndiyo maana wiki chache baada ya kununua mtu huhisi ameibiwa. Hajaibiwa.

Kwa projekta za mtumba, namba ya kwenye menyu usiiamini peke yake, kwa kuwa kaunta inarudishwa sifuri kwa vitufe tu. Zima, chomoa, subiri saa nzima, kisha toa taa na uitazame. Kile kitovu kidogo cha kioo katikati kikiwa angavu, taa bado ina maisha. Kikiwa na maziwa maziwa meupe, cheusi, au kimevimba upande mmoja, taa imezeeka hata kama menyu inasema saa 12.

Dalili ya 2: Inaanza vizuri, dakika ishirini baadaye inafifia au inajizima

Hapo ni joto. Projekta nyingi zikihisi zimechemka hupunguza umeme wa taa zenyewe, na zikishindwa zinazima. Mwenyewe anadhani taa inachoka, kumbe mashine inajiokoa.

Anza na filta ya hewa, ambayo ipo kwenye projekta nyingi za LCD (aina hiyo nimeieleza kwenye dalili ya 4), pembeni au chini, nyuma ya kifuniko cha plastiki. Kwa projekta inayofanya kazi kando ya barabara ya vumbi huko Kivule au Goba, filta inaweza kuwa blanketi la kijivu ndani ya miezi michache. Ya sponji ioshwe kwa maji na ikauke kabisa kivulini kabla ya kurudishwa. Ya karatasi ya kukunjakunja haioshwi: gonga taratibu, piga brashi laini, ikishindikana badilisha. Usiwashe projekta bila filta hata "kwa leo tu". Vumbi utakaloingiza leo litakaa kwenye paneli mpaka mashine ifunguliwe.

Usiipeleke gereji ipuliziwe na kompresa ya matairi. Hewa ile ina maji na mafuta, presha yake inazungusha feni kwa kasi inayoua beringi, na vumbi lililokuwa nje linasukumwa ndani ya njia ya mwanga.

Pili, mahali ilipofungwa. Watengenezaji wengi wanaweka kikomo cha joto la hewa kwenye nyuzi 35 au 40. Sasa fikiria projekta iliyobanwa juu, sentimeta chache chini ya silingibodi, na juu ya silingi ni mabati, mwezi wa pili, ibada ya pili imeanza. Hewa inayoivuta imeshachemka kabla haijafika kwenye taa. Ishushe kwa bomba refu zaidi na uhakikishe hewa moto inayotoka hairudi kwenye tundu la kuvutia. Wanaoiweka mezani wasiilaze juu ya kitambaa chenye pindo, kitambaa kinanyonywa na kuziba tundu la chini.

Kuna setingi ya miinuko inayoongeza kasi ya feni, na mafundi wengine wanaiwasha kama dawa ya joto. Iliwekwa kwa ajili ya hewa nyepesi ya mahali pa mita 1,500 na zaidi, kama Mbeya. Dar iko usawa wa bahari. Ukilazimika kuiwasha ndipo projekta ikae, tambua kwamba kuna feni imechoka au njia ya hewa imeziba, na hilo ndilo la kushughulikia.

Tatu, feni. Sikiliza: mlio wa kukwaruza, au feni inayoanza kwa kusitasita. Usishangae fundi akitoa mjusi aliyekauka au mayai ya mende. Kwenye projekta za silingi ni jambo la kawaida kabisa. Kubadilisha feni kunahitaji kufungua bodi ya mashine, kwa hiyo SIMAMA kama hujawahi.

Umeme ukikatika katikati ya kipindi, taa inabaki na joto kali na hakuna feni ya kulipunguza. Umeme ukirudi sekunde kadhaa baadaye, taa ya moto haikubali kuwaka mpaka ipoe, kwa sababu presha ndani yake bado iko juu. Kuibonyezabonyeza rimoti kunaichosha tu. UPS ndogo, yaani kifaa cha betri ya akiba, yenye uwezo unaozidi wati za projekta inatosha. Kazi yake sio kumaliza filamu, ni kukupa dakika za kuizima kwa utaratibu, feni zimalize kazi yake.

Dalili ya 3: Mwanga unachezacheza

Watu huilaumu TANESCO moja kwa moja. Projekta nyingi zinapokea volti 100 hadi 240 na zinajirekebisha zenyewe ndani, kwa hiyo umeme hafifu wa saa mbili usiku hauzifanyi zififie kama balbu ya chumbani. Stabilaiza ni nzuri kwa kuzuia volti kubwa inayokuja umeme unaporudi, ila anayeinunua ili picha ing'ae atasubiri sana.

Mara nyingi anayecheza ni mwali wa umeme unaowaka ndani ya taa, kati ya ncha mbili za chuma ziitwazo elektrodi. Unarukaruka kutoka sehemu moja ya ncha ya elektrodi kwenda nyingine, hasa taa ikiwa imetumika muda mrefu kwenye "Eco". Iweke kwenye nguvu kamili kwa saa mbili hivi. Ncha hujijenga upya, na mara kadhaa tatizo huisha hapohapo. Lisipoisha, na saa za taa zimesogea, taa inaaga.

Kagua kebo ya umeme nayo, na soketi iliyolegea ambayo plagi inaning'inia. Kwa jenereta ndogo inayobeba pia maspika na friji ya soda, ipe projekta UPS yake. Kama taa ni mpya na bado inacheza, mshukiwa ni balasti, kile kifaa kinacholisha taa. SIMAMA. Kuwasha taa hizi kunahitaji maelfu ya volti, na kapasita za ndani, vifaa vinavyohifadhi umeme, zinaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi.

Dalili ya 4: Upande mmoja giza, madoa, au rangi imeegemea njano au bluu

Hapa lazima ujue projekta yako ni ya aina gani, kwa sababu magonjwa hayafanani. Za LCD zina paneli tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Za DLP zina chipu moja ya vioo vidogo sana, teknolojia iliyobuniwa na Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987, na nyingi zina gurudumu la rangi linalozunguka mbele ya taa.

Onyesha slaidi nyeupe kabisa, kisha nyeusi kabisa, upige picha zote mbili kwa simu. Fundi atakushukuru.

Kwenye LCD, madoa laini ya kijani, ya zambarau au ya bluu yasiyo na ukingo ni vumbi juu ya paneli. Doa kubwa la njano au la bluu lisilotoka, mara nyingi kuanzia katikati au kona ya juu, ni polaraiza iliyoungua, ile filta nyembamba ya mwanga inayokaa na paneli. Njia ya bluu ndiyo huumia mapema, kwa kuwa mwanga wa bluu ndio mkali kwa vifaa hivyo. Kusafisha hakusaidii polaraiza iliyoungua, inabadilishwa. Jambo la kujiuliza ni kwa nini iliungua, na jibu kwa kawaida liko kwenye filta.

Kwenye DLP, picha yenye kivuli upande mmoja au ukingo uliokatika, mwanga ukiwa umeshuka ghafla, huelekeza kwenye handaki la mwanga: bomba dogo la vipande vinne vya kioo vilivyogundishwa, linalosawazisha mwanga kabla haujafika kwenye chipu. Gundi ikilainika kwa joto, kipande kinateleza. Fundi mzuri analibadilisha au kuligundisha upya kwa gundi inayohimili joto. Nukta nyeupe zinazoongezeka wiki baada ya wiki, kama nyota, ni chipu inayokufa. Mlio wa kusaga pamoja na rangi kuchanganyikiwa ni gurudumu la rangi.

Kabla ya kufungua chochote, badilisha kebo. Pini moja iliyopinda ya kebo ya VGA inaondoa rangi nzima, na picha inaonekana imefifia na kugeuka njano huku projekta ikiwa nzima.

SIMAMA kwa mengine yote ya dalili hii. Sehemu ya mwanga ikifunguliwa kwenye chumba chenye feni ya pangaboi, inafungwa na vumbi zaidi ya lililotoka.

Dalili ya 5: Taa ni mpya, mwanga ni uleule au umepungua

Taa hizi za zebaki ya presha kubwa, ambazo Philips walizileta sokoni mwaka 1995, zina siri moja: mwali wake ni mfupi mno, milimita moja hivi. Ufupi huo ndio unaoruhusu mwanga kukusanywa na kupenyezwa kwenye paneli ndogo. Mwali ukirefuka hata kidogo, wati zinabaki zilezile lakini mwanga mwingi unamwagika pembeni, kama ndoo ya maji inayomiminwa kwenye chupa ya mdomo mwembamba. Taa nyingi za bei ya kutupa huharibu hapo. Zinawaka, ni nyeupe, na picha ni hafifu.

Ndiyo maana pia zile video za "geuza projekta yako itumie LED ya wati 100" zinaishia vibaya. Kipande cha LED cha wati 100 kina uso mpana kuliko mwali ule kwa mbali, kwa hiyo chumba cha taa kinang'aa kama kituo cha mafuta na ukutani hamna kitu. Wala usiweke taa ya wati kubwa kuliko ya asili ukidhani mwanga utapanda, balasti ina kipimo chake.

Ukienda Kariakoo kununua, nenda na taa ya zamani mkononi. Namba ya moduli, ile iliyochapwa kwenye kiplastiki, ilingane herufi kwa herufi. Kuna wanaouza balbu tupu na wanaouza moduli nzima, yaani balbu ikiwa ndani ya kiplastiki chake. Balbu tupu ni nafuu, lakini ikikaa nje kidogo tu ya kitovu cha rifleta, kile kikombe kinachoakisi mwanga nyuma ya balbu, umepoteza mwanga, kwa hiyo kama hujazoea chukua moduli. Omba iwashwe mbele yako kwenye mashine yako.

Wakati wa kufunga, usiguse kioo cha balbu kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaungua hapo na kuacha doa linaloweza kuipasua. Kaza skrubu zote, funga kifuniko mpaka kibonye, maana kina swichi ya usalama na kisipokaa vizuri projekta haiwaki kabisa. Kisha rudisha kaunta ya saa sifuri. Anayerudisha kaunta bila kubadilisha taa ili kuzima ile onyo ya menyu anajitafutia dalili inayofuata.

Dalili ya 6: Mlipuko, halafu giza

Taa inayofanya kazi ina presha ya takribani mara 200 ya hewa ya kawaida. Iliyopitiliza umri wake inaweza kupasuka kwa kishindo, na ndani yake kuna zebaki.

Chomoa umeme. Toeni watu, hasa watoto, fungueni madirisha na milango, na chumba kipigwe na hewa nusu saa au zaidi. Msipulizie projekta na msitumie mashine ya kufyonza vumbi. Vipande vilivyotoka viokotwe kwa glavu na karatasi ngumu, viwekwe kwenye mfuko uliofungwa. Vilivyo ndani viachwe kwa fundi. SIMAMA: hata kama una taa nyingine mkononi, usiifunge siku hiyo, kwa sababu vipande vya kioo vilivyobaki kwenye rifleta na feni vitaiharibu.

Projekta ndogo za LED, na za leza

Zile ndogo za bei nafuu zilizoandikwa lumeni 9,000 kwenye boksi nyingi hazifiki hata 300 za ANSI. Zipime kwa njia ya nukta tisa ujionee. Huwezi kuzifanya kuwa kile boksi linachosema, ila unaweza kuzirudisha zilivyokuwa: zikizeeka, mara nyingi pesti ya joto kati ya LED na bati la kupoozea imekauka, na feni imejaa vumbi. Fundi wa kompyuta wa mtaani anaweza kuweka pesti mpya. Paneli yake ikishaweka doa la kahawia katikati, imeungua, na paneli mpya mara nyingi inakaribia bei ya projekta nyingine.

Za leza kwa kawaida hukadiriwa saa 20,000 mpaka nusu ya mwanga, kwa hiyo ikififia mapema fikiria vumbi na joto kwanza. Usifungue chumba cha mwanga cha projekta ya leza kwa sababu yoyote. Jicho linaumia kabla hujapepesa.

Ukishaamua kwenda kwa fundi

Nenda na vipimo vyako vya luksi, picha za slaidi nyeupe na nyeusi, saa za taa, na kebo ya umeme unayoitumia kila siku, si nyingine. Mweleze tatizo linaanza baada ya muda gani tangu kuwasha. Akisema kuna kifaa kimekufa, mwombe akurudishie hicho kifaa cha zamani. Na kabla hujalipa, iwashwe nusu saa nzima palepale dukani, feni ya fundi ikiwa imezimwa, upime tena kwa simu ileile.